Ukocha wa Kazi na Maisha: Tuujue Kabla ya Kuulipia

Na Mwandishi Wetu

NENO kocha likitajwa barazani, fikra za wengi wetu hukimbilia uwanja wa mpira: mtu mwenye filimbi shingoni, anayekinoa kikosi asubuhi na kulaumiwa na mashabiki jioni. Siku hizi neno hilo limehamia maofisini na majumbani. Wapo makocha wa viongozi, makocha wa biashara, makocha wa ndoa na makocha wa maisha kwa jumla. Matangazo yao yanawafikia vijana wetu kupitia simu kila uchao, na wapo waajiri wanaowalipia mameneja wao saa kadhaa za kuketi faraghani na watu hao. Wazee wanauliza, na wana haki ya kuuliza: huyu anauza nini ambacho baba, mwalimu au sheikh wa mtaa hakitoi bure?

Tumeona swali hilo linastahili jibu la kina, kwa sababu anayekosea huku hupata hasara na anayekosea kule naye hupata hasara. Familia inayomlipa mtu asiyeijua kazi hupoteza fedha, na mara nyingine hupoteza muda ambao kijana wao alipaswa kuwa mikononi mwa daktari. Taasisi inayoipuuza kazi hii kwa kuidhania kuwa ni maneno matupu nayo huweza kujinyima msaada ambao umekwisha kupimwa na kuonekana.

Tuanze na neno lenyewe, kwani lina safari ya kupendeza. Katika kijiji cha Kocs huko Hungaria, karne ya 15, mafundi walitengeneza magari ya kukokotwa na farasi yaliyokuwa na nafuu kwa msafiri kuliko mengine ya wakati ule. Gari likachukua jina la kijiji, jina likaenea Ulaya, na Waingereza wakalipokea kwa matamshi yao. Karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakalitumia kwa utani kumwita mwalimu wa pembeni aliyewavusha katika mitihani, kana kwamba wamepanda gari lake. Kutoka kwenye mitihani likaingia michezoni, na kutoka michezoni likatufikia sisi. (Kochi la sebuleni lina asili nyingine kabisa, ingawa vikao vingi vya ukocha hufanyika watu wakiwa wameketi juu yake.) Mfano wa gari haukukosewa. Dereva anajua kuendesha, lakini anayejua aendako ni abiria.

Ukocha tunaouzungumzia hapa ulizaliwa katika kiwanja cha tenisi. Miaka ya 1970 Timothy Gallwey, ambaye alipata kuwa nahodha wa timu ya tenisi ya Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akifundisha mchezo huo California. Aliona jambo lililomshangaza kama mwalimu. Kadiri alivyozidi kuwapa wanafunzi wake maelekezo ya namna ya kushika raketi, kukunja goti na kuzungusha mkono, ndivyo miili yao ilivyozidi kukakamaa. Alipoyapunguza maelekezo na kuwataka wautazame mpira tu, watamke neno moja unapodunda na neno jingine wanapoupiga, mikono ikaanza kujirekebisha yenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1974, The Inner Game of Tennis, kilisomwa hata na watu wasiokuwa wachezaji, kwa kuwa hoja yake inawahusu wote: mpinzani wa upande wa pili wa wavu ni mmoja, na yule aliyeko kichwani mwa mchezaji, anayemsimanga na kumtia hofu, ni wa pili na mara nyingi ndiye mkali zaidi.

Mwingereza John Whitmore, dereva wa mashindano aliyetwaa ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari mwaka 1965, aliyapeleka mafunzo hayo Uingereza na kuyaingiza katika makampuni. Mwaka 1992 alitoa kitabu Coaching for Performance, kilichoeneza mpangilio wa mazungumzo unaojulikana kwa herufi za Kiingereza GROW. Herufi hizo zinasimama badala ya hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na nia ya kutenda. Whitmore alikuwa akisimulia kwamba wakati fulani walimu wao wa tenisi walipungua, ikabidi waazime walimu wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, wakawavisha sare za tenisi na kuwakataza kujifanya wajuzi. Watu hao hawakuweza kuona makosa ya kiufundi, kwa hiyo kazi yao yote ilikuwa kuuliza na kumwacha mwanafunzi ajitazame. Matokeo yao, kwa maelezo yake, hayakuwa nyuma ya wale waliobobea.

Kisa hiki hupendwa sana na makocha, kwa kuwa kinampa ruhusa mtu kumnoa mwenzake katika kazi asiyoijua. Sisi tunakipokea kwa tahadhari. Tutaona mbele kidogo kwamba kuna mahali ambapo jicho la mjuzi halina mbadala.

Je, kikao chenyewe huwaje? Tuchukue mfano wa mkuu wa shule ya sekondari anayelalamika kwamba walimu wake ni wachelewaji. Rafiki angemwambia awakate mishahara. Mzee wa kamati angemsimulia jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Kocha humuuliza, "Mwalimu, wiki iliyopita walichelewa wangapi?" Mkuu anajibu kwamba ni wengi mno. "Wengi ni wangapi?" Hapo ndipo anapotambua kuwa hajui, kwa sababu daftari la mahudhurio halijajazwa tangu muhula ulipoanza. Anaondoka na kazi ya kuhesabu. Anarudi baada ya wiki mbili na habari mpya: wachelewaji ni wanne kati ya ishirini, na watatu katika hao wanashuka kituo kimoja cha daladala. Lalamiko lililokuwa juu ya tabia za watu limegeuka kuwa swali juu ya usafiri na ratiba ya kipindi cha kwanza. "Sasa Mwalimu, katika haya ni lipi liko mikononi mwako?" Anataja mawili. "Utaanza na lipi, na lini?" Kazi ya kocha katika kikao kizima haikuzidi maswali machache na ukimya wa kutosha.

Ukimya huo ndio unaotushinda wengi wetu, hasa sisi wazazi. Kijana anaanza kueleza tatizo lake, na kabla hajafika katikati tumekwisha kumpa jawabu, na juu yake hadithi ya jinsi tulivyoteseka sisi kwa umri wake. Jawabu huenda likawa sahihi. Lakini aliyepewa jawabu asilolitafuta haoni kuwa ni lake, na mambo yakienda kombo anajua wa kumlaumu.

Kwa hiyo kocha si mwalimu, kwa sababu hafundishi somo. Wala si mlezi wa kikazi, yule mtu mzima katika fani anayemshika mkono mdogo wake na kumwonesha njia aliyoipita mwenyewe. Tena si mshauri nasaha, ambaye huhusika na majeraha ya nyuma na maradhi ya nafsi. Kocha huanzia leo na kutazama mbele, naye huchukulia kwamba mtu aliye mbele yake ni mzima na ana uwezo wa kuamua. Dhana hiyo ikiwa si kweli, kazi yake inakoma hapo, na suala hilo tutalirejea.

Sasa tuje kwa jicho la mjuzi. Mwezi Oktoba 2011 daktari wa upasuaji wa Boston, Atul Gawande, aliandika makala katika jarida la The New Yorker juu ya jambo lisilo la kawaida alilolifanya. Alikuwa amepasua wagonjwa kwa miaka minane tangu amalize mafunzo. Miaka ya mwanzo takwimu zake za madhara baada ya upasuaji zilikuwa zikishuka mwaka hadi mwaka, kisha zikasimama. Hazikuwa mbaya, bali hazikusogea tena. Akajiuliza kwa nini mchezaji bora wa tenisi duniani anaendelea kuwa na kocha, ilhali daktari akishapata cheti chake hakuna anayemtazama tena hadi astaafu. Akamwendea Robert Osteen, daktari mstaafu aliyemfundisha zamani, akamwomba aje asimame pembeni ya chumba cha upasuaji na kuangalia.

Upasuaji wa kwanza walioutazama pamoja, wa tezi ya shingoni, ulikwenda vizuri kabisa, na Gawande mwenyewe hakuona cha kukosoa. Osteen alikuwa na ukurasa mzima wa daftari. Mgonjwa alikuwa amelazwa na kufunikwa kwa namna iliyomfaa daktari mkuu, lakini msaidizi wa upande wa pili alibanwa akashindwa kutoa msaada wake wote. Kiwiko cha daktari kilikuwa kikipanda mara kwa mara hadi usawa wa bega, dalili kwamba alipaswa kusogeza miguu au kuchukua chombo kingine. Na taa kubwa ya juu ilikuwa imehama kutoka kwenye kidonda, na kwa takriban nusu saa daktari alipasua kwa mwanga wa kuakisiwa tu, pasipo yeye wala msaidizi wake kutambua.

Mambo hayo yanaonekana madogo. Lakini yule mwalimu wa kuteleza kwenye theluji asingeliona hata moja kati yake, hata angekuwa hodari wa kuuliza maswali kiasi gani. Ilihitajika mtu aliyekwisha kushika kisu. Gawande anaeleza pia jinsi jambo hilo lilivyomtia haya. Mgonjwa mmoja alipomwona mzee mwenye daftari pale pembeni alitaka kujua ni nani, na daktari hakuwa na jawabu la kumtuliza. Je, amwambie mtu anayekaribia kupasuliwa kwamba daktari wake bado ananolewa? Hata hivyo, baada ya miezi kadhaa ya kutazamwa hivyo, aliandika kwamba amerudi katika kujifunza na kwamba madhara kwa wagonjwa wake yameanza tena kupungua.

Katika makala hiyo alitaja pia utafiti uliofanywa kwa walimu wa shule huko California mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu waliohudhuria semina peke yake walizitumia mbinu mpya darasani kwa kiasi cha asilimia 10 tu. Walipoongezewa maonesho na mazoezi hawakufika asilimia 20. Mwenzao alipoingia darasani, akakaa nyuma, akawatazama wakizijaribu na kuwapa maoni, kiwango kilivuka asilimia 90. Tungependa takwimu hizi zisomwe na kila kamati inayotenga fedha za semina ya siku mbili yenye chakula cha mchana, bahasha na picha ya pamoja, kisha ikashangaa kuona mambo yamebaki vilevile.

Lakini Gawande hakuishia Boston, na yaliyofuata ndiyo sehemu nzito zaidi ya habari hii. Yeye na wenzake, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, walikuwa wameandaa orodha fupi ya kukumbushia mambo ya lazima katika kuzalisha: kunawa mikono, kupima shinikizo la damu, kuwa na vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua, kumweka mtoto kifuani kwa mama, na mengineyo ya aina hiyo. Orodha peke yake ni karatasi. Wakaamua kuijaribu pamoja na ukocha katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, mahali ambapo vifo vya akina mama na vichanga vilikuwa vingi. Vituo vya afya 120 vilihusika. Nusu vilipewa makocha, wengi wao wakiwa wauguzi kwa taaluma, waliokuwa wakivitembelea mara kwa mara kwa miezi minane, wakisimama pembeni mwa wakunga wakati wa kazi na kuzungumza nao baadaye, huku viongozi wao wakikaa na wakuu wa vituo. Nusu nyingine viliendelea kama kawaida. Zaidi ya wazazi 157,000 na watoto wao walifuatiliwa.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2017, nayo yana pande mbili. Tabia za wakunga zilibadilika, na zilibadilika sana. Baada ya miezi miwili ya ukocha, katika vituo vilivyonolewa yalitekelezwa asilimia 72.8 ya matendo 18 yaliyokuwa yakichunguzwa, na katika vile vingine asilimia 41.7. Mwezi wa 12, wakati makocha walikuwa wameshaondoka kwa miezi minne, kiwango kilishuka hadi asilimia 61.7, lakini kilikuwa bado juu ya asilimia 43.9 ya vituo vya upande wa pili. Huo ndio upande wa kwanza.

Upande wa pili ni hesabu ya uhai. Vifo vya mama, vifo vya watoto na madhara makubwa kwa mama ndani ya siku saba vilipojumlishwa, vilikuwa asilimia 15.1 kwa vituo vilivyonolewa na asilimia 15.3 kwa visivyonolewa. Kwa lugha nyepesi, hapakuwa na tofauti.

Tumelisoma jambo hili mara nyingi na tunaona lina uzito kuliko sifa zote zinazotolewa kwa ukocha. Wakunga walifanya walichotakiwa kufanya, au walau sehemu kubwa yake, na bado akina mama na watoto wakafa kwa kiwango kilekile. Watafiti wenyewe walizungumzia sababu zinazoweza kueleza matokeo hayo, miongoni mwao ujuzi wa kukabiliana na dharura, vifaa, na uwezo wa kumfikisha mzazi mahali penye huduma kubwa zaidi. Mkunga aliyenolewa vizuri hutambua mapema kwamba mama anahitaji upasuaji. Lakini kutambua kwake hakuleti gari la wagonjwa, wala hakumleti daktari wa upasuaji pale ambapo hayupo. Wasomaji wetu waliowahi kumsindikiza mzazi usiku kutoka zahanati ya kijijini watalielewa hili pasipo maelezo zaidi.

Ndiyo maana tunawaasa viongozi wa taasisi wasimtume kocha kwenda kutibu upungufu wa bajeti. Meneja ambaye wafanyakazi wake hawajalipwa miezi mitatu hahitaji mtu wa kumuuliza malengo yake ya miaka mitano.

Kuhusu mabadiliko ya taasisi nzima kuna maandishi mengi sana, na mengi yanarudia maneno yaleyale. Tutataja utafiti mmoja wa zamani ambao tunaona haujapitwa na wakati. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha habari za kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, katika mji wa Marion, jimboni Virginia, Marekani, ambacho wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake. Kila uongozi ulipobadili namna ya kufanya kazi, hata kidogo, uzalishaji ulianguka, manung'uniko yakazidi na watu wakaacha kazi. Watafiti wakagawa makundi. Kundi moja lilielezwa tu kwamba utaratibu umebadilika, likapewa kiwango kipya cha malipo. Kundi jingine lilituma wawakilishi kushiriki katika kupanga. Na makundi mawili madogo yalishirikishwa kwa ukamilifu: kila mfanyakazi aliketi, akaelezwa kwa nini gharama lazima zishuke, akatoa maoni yake juu ya namna ya kuifanya kazi.

Kundi lililoambiwa tu halikurudi katika kiwango chake cha zamani, na asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Walioshirikishwa wote walirudi upesi katika kiwango cha awali, kisha wakakipita kwa takriban asilimia 14, na hakuna aliyeondoka. Mabadiliko yaliyotakiwa yalikuwa ya aina moja, na tofauti ilikuwa katika nani aliketi katika kikao cha kupanga. Sisi ambao neno shura tumelisikia tangu utotoni hatukupaswa kungoja kiwanda cha nguo kitufundishe, lakini ukizitazama kamati zetu nyingi, na namna maamuzi yao yanavyowafikia walimu na wazazi kwa tangazo la ukutani, utaona kwamba kulisikia neno na kulifanyia kazi ni mambo mawili.

Makampuni makubwa ya leo yamefikia mahali hapohapo kwa njia ndefu. Eric Schmidt alipoanza kuiongoza Google mwaka 2001, mjumbe mmoja wa bodi alimshauri awe na kocha. Akaona ametukanwa, kwani alikuwa mkuu mzoefu, kocha wa nini? Aliyeletwa ni Bill Campbell, mtu ambaye miaka ya 1970 alikuwa kocha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia, timu iliyofungwa zaidi kuliko ilivyoshinda. Schmidt baadaye alisema hadharani kwamba ushauri ule ulikuwa miongoni mwa ushauri bora aliopata kupewa. Campbell aliwanoa pia Steve Jobs wa Apple na wengine wengi hadi alipofariki mwaka 2016. Inasimuliwa kwamba vikao vya Jumatatu vya wakuu wa Google vilianza kwa kila mmoja kueleza alivyoutumia mwisho wa wiki na familia yake, ndipo wakaingia katika kazi. Na kampuni hiyohiyo ilipochunguza, kuanzia mwaka 2008, ni sifa zipi zinamfanya meneja awe bora, sifa iliyotoka juu kabisa ilikuwa kuwa kocha mzuri wa watu wake. Ujuzi wa kiufundi, katika kampuni ya wahandisi, ulishika nafasi ya mwisho kati ya sifa nane.

Mwajiri anapomlipia mfanyakazi wake, linazuka swali la siri. Analipa kampuni, anayezungumza ni mfanyakazi. Siku kampuni itakapouliza, "Huyu bwana anaendeleaje?", kocha atajibu nini? Mtu huyo huenda amesema kikaoni kwamba anafikiria kuacha kazi, au kwamba mkubwa wake anamnyanyasa. Siri ni amana, na makocha wenye maadili hulimaliza jambo hili kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza, pande zote tatu zikiwa mezani: mwajiri ataambiwa idadi ya vikao na malengo yaliyokubaliwa, na yanayosemwa ndani yatabaki ndani, isipokuwa pale penye hatari kwa maisha au sheria inapotaka vinginevyo. Asiyepewa karatasi hiyo na aulize, na akiambiwa asijali, basi na ajali.

Tumalizie kwa mambo ya nyumbani, ambako barua nyingi za wasomaji zinaelekea. Katika nchi nyingi jina la kocha halilindwi na sheria kama linavyolindwa jina la daktari au wakili. Mtu yeyote anaweza kuamka kesho akajiita kocha wa maisha, na wapo wanaofanya hivyo. Kilichopo ni vyama vya hiari. Kinachojulikana zaidi ni International Coaching Federation, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995, ambacho hutoa ithibati za ngazi tatu. Ya kwanza huhitaji, pamoja na mafunzo na mtihani, uzoefu wa saa 100 za kunoa watu, ya pili saa 500, na ya juu saa 2,500. Ithibati haimfanyi mtu kuwa mcha Mungu wala haimtii busara, lakini inaonesha kwamba alifundishwa, alisikilizwa akiwa kazini na kukosolewa. Anayetamba kwa idadi ya wafuasi mtandaoni hana cha kuonesha cha namna hiyo.

Tofauti nyingine iwe wazi. Mzungumzaji anayejaza ukumbi, akawafanya watu wapige makofi na kulia, kisha akauza vitabu mlangoni, anafanya kazi yake ya kuhamasisha, na kazi hiyo ina wapenzi wake. Ukocha ni mtu na mtu, au mtu na kikundi kidogo, kwa miezi, huku aliyenolewa ndiye anayezungumza zaidi. Ukiona kocha anaongea robo tatu ya saa uliyoilipia, umekuwa msikilizaji wa hotuba.

Lililo zito kuliko yote ni maradhi. Kijana aliyepoteza usingizi kwa wiki nyingi, asiyekula, aliyejitenga na wenzake, anayesema hana faida ya kuishi, hahitaji malengo. Huenda ana sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba, na mahali pake ni kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kocha aliyefunzwa hulijua hilo na humwelekeza mteja huko mara moja, kwa kuwa ni sehemu ya maadili ya kazi yake. Asiyefunzwa humwambia afikirie mema, aamke alfajiri na aandike ndoto zake. Mgonjwa akijaribu na kushindwa, huongeza kushindwa huko juu ya mzigo aliokuwa nao. Wazazi wanaosita kwenda hospitali kwa kuogopa maneno ya watu huliona neno kocha kuwa na stara zaidi, na hapo ndipo muda unapopotea.

Kabla ya kulipa, basi, mwenye nyumba au mwenye taasisi na aulize alikosomea kocha huyo, saa alizofanya kazi, na nani anayemkosoa yeye. Na aulize atafanya nini akiona dalili za ugonjwa. Pia na aulize vikao vitakuwa vingapi na vitakoma lini, kwa sababu mkataba usio na mwisho humfaidisha anayelipwa. Kwa mtoto aliye chini ya umri, mzazi ndiye anayetia saini, na ni vyema akubaliane na kocha mapema, mtoto akiwepo, ni mambo gani mzazi ataambiwa na ni yapi hataambiwa. Kwa kocha mwenye ithibati ya chama tulichokitaja, jina lake linaweza kutafutwa katika orodha ya wazi ya chama hicho, na akikiuka maadili malalamiko hupelekwa hukohuko.